Kutafuta Chanzo cha Alamu za Kukatika kwa Mawasiliano katika Vifaa vya Ethaneti: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni takribani kilomita 200 kwa barabara inayopita Mnazi Mmoja na Ndanda, na anayehudumia mitambo ya Liwale au Nanyumbu anajua kwamba safari moja ya kwenda kukagua swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) inaweza kumaliza siku nzima ya kazi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mafuriko yake yalipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Kilwa, hata safari yenyewe haikuwezekana. Kwa hiyo fundi wa mtandao wa kusini ana haja ya kujua, akiwa bado mbele ya kompyuta yake, hitilafu iko upande gani na ni ya namna gani. Alamu za kukatika kwa mawasiliano zilibuniwa ili kumpa jibu hilo, lakini mara nyingi husomwa nusu: fundi anaona rangi nyekundu, anaona jina la kituo, anaomba gari. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba gari lisiombwe kabla hujajua mambo matatu, yaani aina ya alamu, mwelekeo wa hitilafu, na kifaa cha mwisho kinachojibu.

Maelezo yanahusu swichi na ruta zinazotumia utaratibu wa uangalizi wa IEEE 802.1ag (IEEE na ITU-T ni vyombo vinavyoweka viwango vya mawasiliano), uliopitishwa mwaka 2007 na baadaye kuingizwa katika kiwango cha 802.1Q, pamoja na utaratibu wa ITU-T Y.1731 unaofanana nao kwa sehemu kubwa. Amri hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nitaeleza kinachotakiwa kuulizwa na kusomwa, nawe utatafuta amri yake katika kitabu cha kifaa chako.

Namna alamu inavyozaliwa

Katika kila mwisho wa huduma, yaani njia ya mawasiliano kati ya vituo, huwekwa kituo cha uangalizi kinachoitwa MEP, chenye namba yake kati ya 1 na 8191. Kila MEP hutuma kwa vipindi vilivyo sawa ujumbe mdogo wa kuhakiki mwendelezo, unaoitwa CCM, kifupisho ambacho hapa hakina siasa ndani yake. Ujumbe huo hubeba ngazi ya uangalizi, jina la kundi, namba ya mtumaji, kipindi cha utumaji na alama ya kueleza kwamba mtumaji ana kasoro, inayoitwa RDI, na mara nyingi hubeba pia hali ya poti (tundu la kuunganishia kebo) ya mtumaji. Hakuna anayejibu CCM. Kila MEP husema kwa zamu yake na kuwasikiliza wenzake, na asiposikia kwa muda wa mara 3.5 ya kipindi kilichopangwa, huhesabu kwamba mwenzake amepotea.

Vipindi vinavyokubalika ni milisekunde 3.33, 10 na 100, sekunde 1 na 10, na dakika 1 na 10. Maana yake ni kwamba huduma iliyopangiwa sekunde moja itagundua kukatika baada ya sekunde 3.5, ilhali iliyopangiwa dakika moja itakaa dakika tatu na nusu ikidhani mambo ni salama. Juu ya hapo, kiwango cha IEEE huweka subira ya sekunde 2.5 kabla ya kupandisha alamu, na sekunde 10 kabla ya kuihesabu kuwa imekwisha, isipokuwa msimamizi amebadilisha. Unapolinganisha saa ya alamu na saa ya tukio jingine, kwa mfano umeme kukatika, toa muda huo kwanza.

Jambo la pili la kushika ni ngazi, ambazo ni nane, kuanzia 0 hadi 7. Kwa desturi ngazi za 0 hadi 2 ni za mwenye miundombinu, 3 na 4 ni za mtoa huduma, na 5 hadi 7 ni za mteja. Ujumbe wa ngazi ya juu hupita ndani ya vituo vya ngazi ya chini bila kuguswa, lakini ule wa ngazi ya chini hauruhusiwi kupita kituo cha ngazi ya juu. Ndiyo maana hospitali au halmashauri inaweza kuwa na alamu katika ngazi ya 6 wakati mtoa huduma, katika ngazi ya 4, haoni chochote. Hapo hitilafu huwa mara nyingi kati ya swichi ya mteja na kifaa cha mtoa huduma kilicho katika chumba hichohicho, na kebo ya mita mbili ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Hatua ya kwanza: soma aina ya alamu, si rangi yake

Kiwango cha IEEE kinatambua kasoro tano, nacho kimezipanga kwa uzito. Nyepesi kuliko zote ni RDI, ambayo ni taarifa kutoka kwa mwenzako kwamba yeye ana kasoro upande wake. Inafuata kasoro ya hali ya poti, ambapo mwenzako bado anasikika lakini anatangaza kuwa poti yake imezimika au imezuiwa. Ya tatu ni kupotea kwa CCM, ambayo katika Y.1731 huitwa LOC. Ya nne ni CCM yenye makosa: jina la kundi ni sahihi, ila namba ya MEP haimo katika orodha, au ni sawa na namba yako wewe mwenyewe, au kipindi hakilingani. Ya tano, nzito kuliko zote, ni kuingiliana kwa huduma, yaani kupokea CCM yenye jina la kundi jingine au ya ngazi ya chini kuliko yako.

Mpangilio huo una mitego miwili. Kwanza, kifaa hutangaza kasoro yenye uzito mkubwa kuliko zote kwa wakati huo, kwa hiyo alamu ya kuingiliana kwa huduma inaweza kuficha alamu ya kupotea kwa CCM iliyopo chini yake. Usitosheke na mstari mmoja ulioonekana kwenye skrini ya usimamizi. Ingia katika kifaa na usome orodha yote ya kasoro za MEP husika. Pili, kwa mpangilio wa awali wa kiwango hicho, RDI peke yake haipandishi alamu. Fundi wa Mtwara anaweza kuona kimya kabisa upande wake huku RDI ikiwa imeinuliwa muda mrefu, na ni mpaka aulize hali ya MEP ndipo ataiona.

Kasoro mbili nzito, ya nne na ya tano, karibu kila mara zimetengenezwa na mkono wa mtu: swichi imebadilishwa, VLAN (mtandao uliotengwa kwa namba ndani ya swichi) imeunganishwa kusikostahili, kebo imechomekwa kwenye poti ya jirani. Ukizikuta, ruka hadi hatua ya sita, na uanze kwa kuuliza nani alifanya kazi jana.

Hatua ya pili: tazama saa na majirani

Panga alamu zote za saa hiyo kwa mfuatano wa wakati, kisha utafute iliyotangulia. Zikipotea MEP zote zinazopita katika poti moja, chanzo ni poti, moduli (kipande kinachochomekwa kwenye poti kutuma na kupokea mwanga) au kebo. Ikipotea moja tu kati ya ishirini zinazopita katika poti hiyohiyo, faiba haina kosa, na atakayekwenda kuikagua atarudi na vumbi la safari tu. Zikipotea zote za kituo kizima pamoja na mawasiliano ya usimamizi, uliza habari za umeme kabla ya jambo jingine lolote, kisha uliza betri zina umri gani.

Vifaa vinavyofuata Y.1731 vinaweza kutuma AIS, ambayo ni taarifa kwamba hitilafu imekwisha kuonekana katika ngazi ya chini, ili ngazi za juu zisipige kelele bure. Ukiona AIS, acha kuishughulikia ngazi hiyo na ushuke kwenye ngazi iliyoitoa.

Kazi hii yote ni bure kama saa za vifaa hazilingani. Kifaa kilichoachwa kwenye saa ya UTC kiko saa tatu nyuma yetu, na kile kilichopoteza umeme bila seva ya saa kinaweza kuanza kuhesabu upya kutoka tarehe ya kiwandani. Katika daftari la zamu andika 09:15 au 21:15. Ukiandika "saa 3:15", anayekuja kusoma kesho hatajua kama ilikuwa asubuhi au usiku, wala kama ulisoma saa ya kifaa au ya ukutani.

Hatua ya tatu: soma pande zote mbili

Hapa ndipo safari nyingi za bure huanzia. Chukua MEP mbili, moja Mtwara na nyingine Masasi, kisha usome hali ya kila moja. Mtwara ikiwa imepoteza CCM za Masasi, na Masasi ikiwa inaona RDI tu, basi ujumbe wa Mtwara unafika Masasi, ila wa Masasi haufiki Mtwara. Ikiwa Mtwara inaona RDI tu, hali ni kinyume chake: Masasi haisikii, na kilichoharibika ni njia ya kutoka Mtwara kwenda Masasi. RDI ni sawa na mtu anayekwambia kwenye simu "sikusikii". Maadamu umesikia maneno yake, njia yake kuja kwako ni nzima, na tatizo ni sauti yako kwenda kwake. Zikipoteana zote mbili, hitilafu ni ya njia zote mbili, au mwenzako amezima kabisa.

Kuna angalizo kwa huduma zenye vituo zaidi ya viwili. RDI haisemi mwenzako amempoteza nani. MEP ya Newala inaweza kuinua RDI kwa sababu imepoteza Tandahimba, na RDI hiyo ikasomwa Mtwara ambayo haina kosa lolote. Kabla ya kuhukumu, soma orodha ya wenzake wote katika kituo kilichoinua RDI.

Tofautisha pia kiungo cha moja kwa moja na njia yenye vifaa vya kati. Katika kiungo cha moja kwa moja cha gigabiti 1 chenye makubaliano ya kasi ya kiotomatiki, uzi mmoja wa faiba ukikatika, kwa kawaida poti huzimika pande zote mbili. Kwa hiyo ukikuta poti zote zinawaka, lakini CCM hazifiki upande mmoja, elekeza macho kwenye vifaa vya kati au kwenye mpangilio wa VLAN.

Hatua ya nne: jaribio la mrejesho na ufuatiliaji wa njia

Sasa unajua mwelekeo. Kinachobaki ni mahali. Zana ni mbili, na zote hutumiwa ukiwa mezani. Jaribio la mrejesho hutuma ujumbe kwa kituo kimoja ulichokitaja, nacho huurudisha. Ufuatiliaji wa njia hutuma ujumbe mmoja ambao kila kituo cha kati, kinachoitwa MIP, hujibu na kuupeleka mbele, hata ukapata orodha ya vifaa kwa mfuatano. Hizi ni kazi za Ethaneti yenyewe, hazihitaji anwani za IP, kwa hiyo hufanya kazi hata pale ambapo "ping" ya kawaida, yaani jaribio la kuita anwani ya IP, haina pa kuanzia.

Tuchukue mfano wa kubuni. MEP 101 iko Mtwara, MEP 205 iko Masasi, na MIP ziko Mnazi Mmoja na Ndanda. Mtwara imepoteza CCM za 205 na poti yake inawaka vizuri. Anza karibu, uende mbali: tuma ujumbe wa mrejesho kwenda Mnazi Mmoja, kisha Ndanda, kisha Masasi. Tuseme vituo viwili vya kwanza vinajibu kila ujumbe na Masasi haijibu hata mmoja. Endesha ufuatiliaji wa njia, nao uishie kwenye poti ya kutokea ya Ndanda. Hitilafu sasa ina mipaka: iko kati ya poti hiyo ya Ndanda na MEP ya Masasi, na sehemu ya kutoka Mtwara hadi Ndanda haina haja ya kuguswa na mtu yeyote.

Kumbuka kwamba jaribio la mrejesho ni la kwenda na kurudi, hivyo likishindwa halikwambii ni mguu upi umevunjika. Mwelekeo ulikwisha kuupata katika hatua ya tatu. Unganisha majibu hayo mawili.

Ufuatiliaji wa njia una tabia moja inayowapoteza wengi. Swichi hupeleka ujumbe huo kwa kufuata jedwali lake la anwani za MAC (namba za utambulisho wa vifaa), na jedwali hilo kwa kawaida husahau anwani iliyokaa kimya kwa sekunde 300. Kituo kilichokatika tangu asubuhi kinaweza kuwa kimekwisha kufutwa katika swichi zote, na ufuatiliaji ukaishia kwenye swichi ya kwanza kabisa, mbali na hitilafu ya kweli. Baadhi ya vifaa huweka kumbukumbu maalumu ya CCM kwa saa 24 au zaidi ili kuepuka hali hiyo, lakini si vyote. Kwa hiyo endesha ufuatiliaji mapema iwezekanavyo baada ya alamu, na uwe na nakala ya matokeo yaliyochukuliwa siku mtandao ulipokuwa mzima. Bila nakala hiyo hutajua kama MIP isiyojibu imekufa au haikuwahi kuwekwa.

Jaribu pia ukubwa tofauti wa ujumbe. Mrejesho mdogo ukipita na ule wa karibu baiti 1500 ukikwama, kuna kifaa njiani ambacho hakijapangiwa nafasi ya lebo za VLAN. Kila lebo huongeza baiti 4, na huduma yenye lebo mbili inahitaji baiti 8 za ziada. CCM ni ndogo na hupita bila shida, kwa hiyo alamu haitawaka, huku mteja akilalamika kwamba kurasa hazifunguki. Malalamiko ya namna hiyo yasikataliwe kwa sababu tu skrini ni ya kijani.

Hatua ya tano: faiba, redio na kebo ya shaba

Kabla ya kupanda gari soma vipimo vya mwanga vya moduli kwa mbali, pande zote mbili. Kwa mfano wetu, tuseme kati ya Ndanda na Masasi kuna kilomita 42 za faiba inayotumia mwanga wa nanomita 1550. Kadiria desibeli 0.25 kwa kila kilomita, ambayo ni 10.5. Ongeza desibeli 1 kwa viungio vya kuyeyusha na desibeli 2 kwa viunganishi vinne, upate jumla ya 13.5. Moduli ya Masasi ikitangaza kuwa inatuma dBm 1 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga), Ndanda inapaswa kupokea karibu dBm −12.5. Ukisoma −24, kuna zaidi ya desibeli 11 zilizopotea, na kwa kuwa kila desibeli 3 ni nusu ya mwanga, kinachofika ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichotarajiwa. Faiba haijakatika, imepinda sana, imebanwa, au kiunganishi ni kichafu. Faiba iliyokatika kabisa huonyesha −40 au kifaa huandika kwamba hakuna mwanga.

Hapo ndipo simu kwa mlinzi au mhudumu wa kituo inapofaa, mradi uulize swali linalojibika. Ukimuuliza "mtandao upo?" atakujibu haupo, na hilo ulikuwa unalijua. Muulize hivi: "Shikamoo mzee. Naomba usogee kwenye kabati la katikati. Tundu la mwisho kulia, lenye waya mwembamba wa njano, taa yake inawaka, inapepesa, au imezimika? Usiuguse huo waya, nitazamie tu." Kisha muulize kama kuna mtu aliyeingia chumbani leo, na kama feni za kabati zinasikika. Majibu yake huokoa muda mwingi kuliko mtu anavyodhani.

Ukifika kituoni, safisha kabla ya kubadilisha. Toa kiunganishi, kitazame kwa darubini ya faiba, kisafishe kwa kalamu ya kusafishia, kitazame tena, ndipo ukirudishe. Usichungulie uzi kwa jicho, kwani mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani, lakini unaweza kuumiza. Ukanda wetu una adui wake. Hewa ya chumvi ya Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko hula viunganishi vya shaba na vizimba vya moduli. Katika wilaya za korosho kuna unga wa salfa unaopuliziwa mikorosho wakati wa kiangazi, na salfa hushambulia shaba na fedha iliyomo katika viungio vya vifaa. Kabati lililo karibu na shamba au ghala linahitaji vichujio vya hewa, na vichujio hivyo vibadilishwe msimu wa kupulizia unapokwisha.

Ikiwa mwanga haupiti kabisa, tumia OTDR, kipimo kinachotuma mwanga kwenye uzi na kuonyesha umbali hadi kwenye kasoro, kutoka upande uliopo. Pima kwa nanomita 1310 na kwa 1550: upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye 1550, faiba imepinda, ukiwa sawa kwa zote mbili, shuku kiungio kibaya au ufa. Umbali unaoonyeshwa ni wa uzi, si wa barabara. Kila shimo la ukaguzi lina mizunguko ya akiba, na kilomita 17 kwenye kipimo zinaweza kuwa kilomita 16 na kitu barabarani. Pale barabara inapojengwa, kama ile ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, tafuta kwanza mahali greda na makatapila yanapofanya kazi siku hiyo.

Viungo vya redio za maikrowevu vinahitaji fikra nyingine. Poti ya Ethaneti kati ya swichi na redio huweza kuendelea kuwaka ilhali redio yenyewe imepoteza mwenzake mlimani, na hapo CCM ndiyo shahidi pekee. Soma kiwango cha mawimbi yanayopokelewa na ukilinganishe na cha siku mnara uliposimikwa. Kikishuka wakati wa mvua kubwa na kurudi baadaye, hasa kwa masafa ya gigahezi 15 na kuendelea, ni mvua. Kikishuka usiku mtulivu kwa kiungo kinachokatiza ghuba au maji mengi, shuku mawimbi yanayoakisiwa na maji au kupindishwa na tabaka za hewa. Antena haina kosa, na kuizungusha ni kujiongezea kazi. Kikishuka na kubaki chini, antena imesogea au kiunganishi kimeingia maji.

Kebo ya shaba haina mengi: isizidi mita 100, na kasi na mwenendo wa kutuma na kupokea vilingane pande zote. Upande mmoja ukipangwa kwa mkono na mwingine ukiachwa kiotomatiki, utaona CCM zikipotea kidogokidogo mzigo unapoongezeka.

Hatua ya sita: mpangilio

Ukifika hapa na waya zote ni nzima, kosa liko katika maandishi. Weka mipangilio ya pande zote mbili kando kwa kando na ulinganishe kwa utaratibu: ngazi, jina la kundi herufi kwa herufi (herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na nafasi iliyoachwa mwishoni ni herufi pia), kipindi, VLAN, namba za MEP, na mwelekeo wa MEP. Mwelekeo huo husahaulika sana. MEP inayotazama nje hutuma kupitia poti yake kwenda kwenye kebo, na inayotazama ndani hutuma kupitia tumbo la swichi kwenda poti nyingine. Ikiwekwa kinyume, kila kitu kingine huonekana sahihi na ujumbe hauendi popote.

Swichi mpya iliyonakiliwa mpangilio kutoka swichi nyingine hubeba namba ya MEP ya ile ya kwanza, na alamu ya CCM yenye makosa huwaka siku hiyohiyo. Alamu ya kuingiliana kwa huduma, kwa upande wake, isichukuliwe kama usumbufu wa skrini. Inamaanisha fremu (vifurushi vya data) za mteja mmoja huenda zinafika kwa mteja mwingine, na mahali palipounganishwa vibaya panapaswa kufungwa kwanza, maswali yafuate. Anwani ya MAC iliyomo katika CCM ngeni itakuonyesha kifaa kilichoituma.

Angalia pia kama itifaki ya kuzuia mizunguko (ujumbe kuzunguka bila mwisho) imefunga poti ambayo VLAN hiyo inaitegemea. Katika mtandao wa mviringo, kwa mfano unaotoka Mtwara kwenda Masasi kwa Mnazi Mmoja na kurudi kwa Newala na Tandahimba, kuna poti moja iliyofungwa makusudi, na MEP iliyowekwa kwa kuitegemea njia hiyo haitasikia chochote mpaka upande mwingine ukatike.

Mwisho katika hatua hii ni alamu za uongo. Swichi ndogo inayoshughulikia CCM kwa prosesa yake kuu hulemewa ikipangiwa milisekunde 3.33 kwa huduma nyingi, nayo huanza kutangaza kupotea kwa wenzake ambao wapo. Kwa maoni yangu vipindi vya milisekunde 3.33 na 10 vibaki kwa njia zenye ulinzi wa mviringo wa G.8032, unaotakiwa kuhamisha mawasiliano kwenye njia ya pili ndani ya milisekunde 50, na huduma za kawaida zipewe sekunde 1. Mtandao wa wilaya usio na njia ya pili haupati faida yoyote kwa kujua sekunde tatu mapema kwamba umekatika.

Hatua ya saba: kuthibitisha

Alamu ikizimika, usifunge kabati. Hakikisha kwanza RDI imeshuka pande zote mbili, kwa sababu alamu ya upande wako inaweza kuisha huku mwenzako bado hakusikii. Futa hesabu za makosa ya poti, tuma mrejesho wa ujumbe mkubwa na mdogo, kisha usome hesabu hizo tena baada ya nusu saa. Makosa yakiongezeka hata kwa kumi tu, kiunganishi bado ni kichafu, na ni heri kukisafisha sasa kuliko kurudi wiki ijayo kutoka Mtwara. Endesha ufuatiliaji wa njia ukiwa palepale na uhifadhi matokeo pamoja na vipimo vya mwanga vya pande zote, tarehe, saa, na namba ya moduli iliyobadilishwa. Kisha piga simu kituo cha usimamizi, na usubiri wakuthibitishie kwamba wanachokiona wao ni hichohicho unachokiona wewe, kabla ya kuwasha gari.